Mlango wa Mama Mungai na Hesabu ya Resini

Kijana, ukinipata leo pale Kangemi nimekaa kwa kiti cha plastiki mbele ya ploti yangu, magoti yameisha, kifua kinakohoa kidogo, utafikiri ni mzee tu wa kuulizwa kama kuna chumba cha kupanga. Hujui unaongea na nani. Sakafu zinazong'aa za epoksi, ile resini inayomwagwa ikakauka kama kioo, kutoka Hurlingham mpaka Spring Valley, nyingi zimepita chini ya haya magoti. Ofisi, kliniki, gereji, jikoni za watu wakubwa. Ukiingia mahali ukaona uso wako kwa sakafu na hakuna povu hata moja, piga saluti, hiyo ni kazi yangu. Niliacha shule darasa la sita huko Lugari, nikaja Nairobi na begi moja ya nailoni, na leo watu wenye digrii ndio wapangaji wangu. Sijigambi. Nasema tu vile iko.

Lakini kuna swali moja nyinyi vijana mnaniuliza kila mkipita hapa, na ndilo limenifanya nishike kalamu. Mnasema: mzee, nikionyeshwa mahali, nitajuaje nichanganye epoksi kiasi gani? Na mimi, fundi ambaye hakuna mwingine upande huu wa mji, nawaambia ngojeni kwanza. Kwa sababu najua. Halafu nikifikiria sana naona sijui. Halafu nikishika ndoo najua tena. Hii kitu imenichanganya maisha yangu yote, na bado imenilisha.

Wacha nianze na ile ninayojua bila mjadala. Nilifundishwa na Fundi Otieno, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, aliyenichukua nikiwa nabeba mchanga tu. Siku ya kwanza alichora kwa sakafu mraba wa mita moja kwa mita moja. Akasema, "Hapa ukimwaga lita moja, ukaitandaza ifike kila pembe, unene wake ni milimita moja." Milimita moja ni kama kadi ya benki na kidogo juu. Basi. Urefu mara upana, upate mita za mraba, uzidishe na milimita unazotaka, hizo ndizo lita zako. Hiyo hesabu haijawahi kunidanganya.

Shida ni kwamba resini haiuzwi kwa lita. Madukani ni kilo. Na lita moja ya resini ni zaidi ya kilo moja kidogo. Nilimuuliza Otieno kwa nini.

"Kwa sababu ni nzito."

"Nzito kuliko nini?"

"Kuliko vile unafikiria."

Nikaona mtu akijua hivyo inatosha. Mpaka leo sijapata jibu lililo bora zaidi.

Halafu kuna kunywa. Simiti inakunywa. Tulifanya ofisi fulani Hurlingham, ghorofa ya pili, vyumba viwili vinafanana kama mapacha, upana uleule, fundi wa simiti ni yuleyule. Chumba cha kwanza kikachukua resini vile tulipiga hesabu. Cha pili kikanywa kama mtu aliyetoka Turkana kwa miguu. Nilipiga magoti nikaweka shavu kwa sakafu nione kama kuna shimo. Hakuna. Otieno akaniambia niache kubusu nyumba ya watu. Ndiyo sababu nawaambia, pakeni kwanza ile nyepesi ya kushibisha simiti, mngojee ishibe, ndipo mpige hesabu ya juu. Na bado ongezeni kidogo. Kidogo kiasi gani? Simiti ndiyo inajua.

Siku hiyohiyo ya Hurlingham ndipo Barasa, tuliyekuwa naye kazini, alitufundisha jambo lingine bila kutaka. Barasa alikuwa na haraka ya kumaliza. Tukiwa tumeshuka kunywa chai kwa kibanda, akatuambia kwa furaha, "Nimechanganya ndoo yote na hadena. Tukirudi ni kumwaga tu."

Otieno akaacha andazi mdomoni. Kabla hajalimeza, soja wa lango akatuita kwa kelele.

"Nyinyi watu wa rangi! Ndoo yenu inapika!"

"Inapika nini?" Barasa akauliza.

"Nitajuaje? Si ni nyinyi mmeweka chakula! Inatoa moshi!"

Tulipofika juu ndoo ilikuwa moto huwezi kushika, plastiki imelegea, na ndani kuna jiwe la rangi ya chai na mti wa kukorogea umesimama katikati kama mlingoti wa bendera. Barasa alilibeba lile jiwe akafanya kiti cha kukalia kazini, na tukawa tunamwita Chifu. Sasa shikeni hii. Resini ikishakutana na hadena, ile dawa ya kuikausha, inatoa joto, na ikiwa imerundikana kwa ndoo joto linazidi, inakauka kabla hujaimwaga. Ukiimwaga ikatandaa, inapoa, inakupa nafasi. Kwa hivyo kujua kazi itakula kiasi gani ni jambo moja, na kujua uchanganye kiasi gani kwa mara moja ni jambo lingine kabisa. Changanya ile utamwaga sasa hivi.

Hayo yote nilikuwa nayajua, na jina langu lilikuwa limeshakua, wakati niliitwa Spring Valley kwa Mama Mungai. Hiyo ndiyo kazi nataka muisikie vizuri, kwa sababu ndiyo ilinichanganya kuliko zote.

Nilimpata ndani ya gereji amevaa sweta na gambuti. Mama mrefu, mwembamba, wa umri wa nyanya yenu. Majirani zake wana mabwawa ya kuogelea. Yeye nyuma ya nyumba amejaza mboga, sukuma na managu. Soja wa lango ndiye aliniambia hapa ni kwa Mama Mungai, nami nikaingia na hilo jina mdomoni.

"Wewe ndiye ule fundi wanasema anajua?"

"Ndiye mimi, Mama Mungai. Na hawakukuambia yote."

"Ai. Basi tutaona."

Alikuwa ameweka mlango juu ya vigogo viwili. Mlango wa zamani wa mbao ya mtarakwa, mzito, na paneli nne zilizozama ndani. Ulitoka kwa nyumba aliyoolewa Wangige. Barabara ilipita pale, nyumba ikabomolewa, na katika vitu vyote alivyoweza kubeba alibeba mlango. Alitaka uwe meza ya kulia, juu kumwagwe epoksi safi kama maji, ijaze zile paneli zilizozama, kote kuwe sawa. Watoto wake wawili wako ng'ambo, na Desemba walikuwa wanakuja na wajukuu.

Kwa ukingo mmoja wa mlango kulikuwa na alama zimekatwa na kisu kidogo. Mistari, na kando ya kila mstari herufi. W, N, M. Kila Krismasi baba yao aliwasimamisha hapo akawapima. W na N zilipanda mpaka urefu wa mtu mzima. M ilikuwa inaongoza, juu ya hizo zingine, halafu kwa urefu wa kifua changu inaisha.

Mimi sikuelewa. Nilitaka kugeuza mlango nione chini, na ulikuwa mzito. Nikamwambia, "Mama, Mungai yuko ndani? Aje anishikie hapa."

Aliangalia mlango, akaweka kidole kwa ile M ya mwisho.

"Hapa ndipo alifika," akasema.

Nikavua kofia. Nilikuwa nimemwita Mama Mungai asubuhi yote kama mtu anayeita jina la duka.

"Usiache kuniita hivyo," akaniambia. "Mimi ni Mama Mungai mpaka nizikwe. Wewe nisikilize tu. Hizi alama zionekane. Na usizisugue."

Sasa muelewe uzito wake. Epoksi ikikataa kukauka, ikabaki inanata, hakuna dawa ya kuifufua. Dawa ni moja: kukwaruza na kusugua na msasa mpaka urudi kwa mbao. Na zile alama hazikuwa zimekatwa sana, zilikuwa kama mkwaruzo wa ukucha. Resini ikiharibika juu yake, nikisugua, Mungai anaenda na vumbi. Nilimweleza hivyo. Akasema, "Basi usiharibu," akaenda kumwagilia sukuma.

Nilipima mlango, nikashuka Ngara kwa duka la jumla ninaponunua vitu vyangu. Pale kuna msichana anaitwa Shiro, anapiga kikokotoo bila kukiangalia.

"Sasa, Baba Sharon. Eneo ngapi?"

Nikamwambia. Unene wa juu milimita mbili.

"Lita tatu na kidogo."

"Na kuna paneli zimezama."

"Kina gani?"

"Kama upana wa kidole changu."

Akaangalia kidole changu, akapiga tena. "Ishirini na mbili."

"Kutoka tatu mpaka ishirini na mbili? Shiro, huu ni mlango mmoja."

"Mimi napiga vile unaniambia. Kwani mlango wote umezama?"

"Hapana. Mahali pengine umezama, pengine haujazama."

"Basi rudi upime penye umezama peke yake, halafu penye haujazama, ujumlishe."

Alikuwa anasema kweli, lakini zile paneli zilikuwa na miteremko pembeni, na mbao ya kale imepinda huku na huku, na mimi na futi yangu tulikuwa tumeshachoka. Nikaamua kutumia akili yangu, ambayo hakuna mtu alinifundisha. Nilipigilia ukingo wa vipande vya mbao kuzunguka mlango, nikauweka sawa na pimamaji, nikatandika karatasi ya nailoni nyembamba ilale ndani ya kila paneli. Nikamwaga maji mpaka yafike pale ninapotaka resini ifike. Halafu nikayachota nikihesabu. Maji hayahitaji kuambiwa ni wapi pamezama. Hii mbinu nawapa bure, na mkiulizwa semeni ni ya Baba Sharon.

Nilikuwa nachota na gorogoro. Mnaijua, ule mkebe wa kilo mbili wa mafuta ya kupikia, ambao akina mama sokoni wanapimia mahindi na maharagwe. Mafundi wengine wana mizani. Mimi miaka yote nilipima na gorogoro mbili: moja ya resini, moja ya hadena, na hazikutani kamwe, kwa sababu ukichovya moja mahali pa nyingine umeharibu ndoo nzima. Mikebe yangu ya zamani ilikuwa imejaa maganda ya resini, na kwa mteja kama huyu niliona aibu kuingia nayo Spring Valley. Nikatafuta mipya inayong'aa. Mmoja nilitoa kwa jikoni ya mke wangu, Mama Sharon, na akalalamika. Mwingine nilinunua kwa mama wa mahindi pale soko la Kangemi.

Nikachota maji. Gorogoro tano. Nikaridhika.

Siku hiyo Mama Mungai alikuwa ameenda kwa mkutano wa akina mama wa kanisa. Kesho yake akaniambia nirudie, anataka kuona na macho yake. Nikatandika nailoni ileile, maji mpaka mstari uleule, nikachota. Gorogoro sita na kidogo.

Nikasimama na mkebe mkononi.

"Jana ulisema tano," akasema.

"Jana ilikuwa tano."

"Mlango umekua?"

"Mbao huwa inavimba, Mama, lakini haiwezi kuvimba hivyo."

"Ama jana ulihesabu ukiwa na njaa?"

Niliangalia nailoni kama imetoboka. Haikuwa imetoboka. Niliangalia pimamaji. Povu lake lilikuwa katikati limetulia, kama linanicheka. Mimi ambaye nimemwaga sakafu za watu wakubwa nikashindwa na maji ya bomba. Nikajiambia nichukue ile kubwa, sita na kidogo, mtu hafi kwa kubakisha. Nikanunua.

Lakini mimi si mjinga. Kabla ya kugusa mlango huwa najaribu kwa kipande. Shikeni hiyo pia, hata kama mteja anakuharakisha. Maagizo ya hiyo resini ni mbili kwa moja, resini mbili, hadena moja, kwa ujazo. Nikapima gorogoro mbili kwa mkebe mmoja, gorogoro moja kwa ule mwingine, nikakoroga polepole, nikachota kidogo nikamwaga juu ya kipande cha mbao. Ile nyingine nikaitandaza kwa trei kuukuu isije ikapika kama ya Barasa. Nikaenda nyumbani.

Asubuhi inanata. Nikangoja. Siku iliyofuata bado. Mama Mungai akabonyeza kidole na alama ya kidole ikabaki.

"Fundi, hii ni epoksi ama ni chingamu?"

"Ni baridi, Mama. Mvua imekuwa nyingi."

"Kwa gereji yangu hakuna mvua."

Nikachanganya tena, nikakoroga mpaka mkono ukauma. Ikanata. Nikafuta mbao na spiriti, nikachanganya tena. Ikanata. Nikashuka Ngara nimekasirika, nikagonga meza ya duka.

"Shiro, umeniuzia hadena iliyokufa."

"Wee! Hakuna kitu imekufa hapa." Akainama chini ya kaunta akatoa kipande cha sampuli. "Hii ni ya mtungi uleule uliopimiwa. Nilimwaga mwenyewe. Gonga."

Nikagonga. Jiwe.

"Sasa yangu inakataa kwa nini?"

"Unapima na nini?"

"Shiro, mimi nilikuwa napima ukiwa bado unabebwa mgongoni."

"Sawa, Baba Sharon. Nimeuliza tu."

Nikarudi Spring Valley. Nawaambia ukweli, sikuwa nimewahi kuona mambo kama hayo. Maji yanabadilika hesabu, resini nzuri inakataa, na Desemba ndiyo hiyo. Nilifikiria kumwambia aweke kioo juu ya mlango, awachane na epoksi. Kioo cha dukani! Mimi! Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo kwa gereji nikitafuta maneno ya kumwambia hivyo, na Mama Mungai akaingia na chai. Akatafuta mahali pa kuweka kikombe, akasogeza mkebe mmoja. Halafu hakuweka kikombe. Akauinua ule mkebe, akaugeuza, akaangalia kitako, akaingiza mkono ndani.

"Nani alikuuzia hii?"

"Mama fulani wa mahindi, Kangemi."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mlango. Mimi sijui kitu inachekesha.

"Weka mkono ndani. Unasikia vile kitako kinapanda? Hii imepigwa na nyundo kutoka chini, pole pole, na gunia katikati ndio isipasuke. Ukiangalia haraka utafikiri ilitoka hivyo kiwandani. Mama yangu alikuwa nazo tatu hapo soko la Wangige. Moja ya kununulia, moja ya kuuzia, na moja ya kuonyesha askari wa kanjo wakija kukagua vipimo."

"Kwa hivyo mama yako…"

"Alinisomesha nazo. Chunga mdomo."

Tukajaza maji kwa mkebe wa Mama Sharon tukamwaga ndani ya ule wa soko. Ulijaa, na maji yaliyobaki yakaenda kwa viatu vyangu. Nikasimama hapo nimelowa, na mambo mawili yakanyooka kwa mara moja. Siku ile maji yalitoka gorogoro tano nilichota na mkebe mzima. Siku ile yalitoka sita na kidogo nilichota na ule wa nyundo. Na kwa kuchanganya nilikuwa napima resini na mkebe mdogo, hadena na mkebe mkubwa. Hadena ikazidi, na hadena ikizidi haikazi resini haraka vile watu wengi wanafikiria. Inailegeza.

Kuna watu wangesema kosa ni langu. Mimi nasema muulizeni yule mama wa mahindi. Lakini nyinyi nunueni majagi mawili ya plastiki yenye mistari, yanayofanana, myajaribu na maji kabla ya resini. Na msome kama maagizo ni ya ujazo ama ya uzito, kwa sababu ile mbili kwa moja ya ujazo, ukiiweka kwa mizani si mbili kwa moja tena. Inageuka kuwa kitu kingine. Msiniulize kwa nini. Nzito kuliko vile mnafikiria.

Majaribio yalikuwa yamekula resini ya kwanza, kwa hivyo nikanunua nyingine ya zile gorogoro tano za kweli na kidogo juu, Shiro akasema itatosha. Nikachanganya kwa majagi, nikamwaga kwa kipande. Asubuhi nikagonga na ukucha, ikalia kama sahani.

Tukamwaga mlango Jumapili, kwa sababu Waweru, yule W, alikuwa anafika Jumanne. Nilikuwa nimeziba mishono yote chini na tepu. Nilichanganya kidogo kidogo, paneli moja, kisha nyingine, nikipitisha moto wa gesi juu kupasua mapovu. Kwa paneli iliingia safi, mbao ikageuka rangi ya asali. Mama Mungai alikuwa amesimama nyuma yangu ananong'ona kwa Kikuyu, sijui kama ni maombi ama ananikosoa. Halafu nikaanza safu ya juu, nikitoka upande wa mbali nikija kwa ukingo wenye alama. Ukingo nilikuwa nimeuacha wa mwisho, mkono ukiwa umeshapata mwendo.

Nilipofika karibu na alama niliinamisha jagi na ikatoka polepole, uzi mwembamba, halafu matone.

Nikaangalia ndoo. Tupu. Nikaangalia chini ya mlango. Kulikuwa na tone moja sakafuni, dogo, la kipumbavu, ambalo haliwezi kueleza chochote. Maji yalisema itatosha. Shiro alisema itatosha. Na mimi niliongeza kidogo juu ya yote. Mtarakwa ulikuwa umekunywa, ama mshono ulikuwa umemeza, ama sijui.

"Mama Mungai. Imeisha."

"Imeisha aje?"

"Sijui."

"Wewe si ndiye anajua?"

Upande wenye alama wote ulikuwa mkavu, upana wa kiganja, kutoka mwisho mpaka mwisho. Duka la Ngara lilikuwa limefungwa, Jumapili. Nikamweleza vile iko: nikivuta ile ya katikati ije huku, itakuwa nyembamba kote na itajikunja, nikingoja niongeze kesho, patabaki mstari juu ya majina ya watoto kama kovu. Na resini haingoji. Ilikuwa inatambaa yenyewe kuelekea M ya kwanza wakati tunaongea.

Akaja upande wangu. Akaangalia ile resini inavyotambaa.

"Hiyo tepu yako inaweza kuizuia isifike hapa?"

"Inaweza. Lakini hapa patabaki mbao tupu."

"Zuia."

"Mama, ulisema alama…"

"Nilisema zionekane. Sijasema zifungiwe." Akaweka kidole kwa ile ya mwisho. "Kule Wangige kila nikitoka asubuhi nilikuwa nashika hapa. Tangu ulete hizo ndoo zako nimekuwa nikijiuliza nitashika wapi, na nimeogopa kukuambia, kwa sababu unaongea sana kama mtu anayejua. Zuia, fundi! Inakuja!"

Nilivuta tepu kutoka mwisho mpaka mwisho, sijawahi kuvuta tepu haraka hivyo, nikaibonyeza na kidole gumba, na resini ikafika ikasimama. Ikasimama imenyooka, kama ukingo wa kioo kilichokatwa na mashine. Mtu akiingia leo anafikiria tulichora hivyo kutoka mwanzo. Wengine wameniuliza nani alinipa hiyo ramani, na mimi huwaacha waendelee kuuliza.

Mwaka huu nilipita pale kumsalimia, na kwa gari nilikuwa nimebeba resini iliyobaki kwa kazi ya mtu. Nikamwambia, "Mama Mungai, sasa ninayo ya kutosha. Nikumalizie ile sehemu."

"Rudisha kwa gari."

Niliinama nikaangalia ule ukingo. Umekuwa mweusi kidogo kwa mafuta ya mikono, na umelainika, na juu ya M ya mwisho kumezama kama kijiko. Wajukuu nao wameanza kukata zao, W ndogo na nyingine sijui ni ya nani. Nikapima kwa macho, upana wa kiganja, urefu wa mlango, milimita mbili, nikajaribu kupiga hesabu ya kile kilichonipungukia siku ile. Nikapata nusu lita. Nikarudia nikapata lita moja. Nikaweka mkono pale nipime vizuri kiganja changu ni kipana kiasi gani, na Mama Mungai akatoka jikoni na sufuria ya mukimo.

"Fundi, wacha kupima meza yangu. Kaa chini ule."

Nikakaa upande wa Mungai.